V6 ya lita 3.5 au turbo ile ile? Hesabu ya mwenye Caldina wa Musaga

Ukitoka Musaga, Bujumbura, kwa barabara ya RN7, hupewi nafasi ya kupasha injini joto. Unaliacha gereza la Mpimba nyuma, kona zinaanza, na kabla ya kufika Ijenda umeshapanda kutoka mita kama 800 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 2,000. Mwenye stesheni wagoni ya turbo iliyochoka anaujua mlima huu vizuri: moshi wa bluu kwenye kioo cha nyuma, sindano ya joto ikianza kupanda, na Probox iliyojaza abiria ikimpita bila shida. Hapo ndipo wazo linapomjia. Toa hii injini ya lita mbili, weka ya lita tatu na nusu, mambo yaishe.

Wazo hilo linahitaji kupigiwa hesabu kabla ya kumpa fundi hata faranga moja. Nachukua Toyota Caldina kwa sababu ni stesheni wagoni ya kweli, na fundi wa Buyenzi anayezijua injini za familia ya 3S humtafuti kwa tochi. Caldina zenye turbo ni GT-T ya mwaka 1997 hadi 2002 (ST215) na GT-Four ya 2002 hadi 2007 (ST246). Zote mbili zina injini ya 3S-GTE, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,998, nguvu za farasi 260 na nguvu ya kuzungusha ya Nm 324. Injini kubwa inayotajwa sana na wapenda kubadilisha ni 2GR-FE, V6 ya sentimita za ujazo 3,456, ile iliyokuja ndani ya Vanguard 3.5, Harrier 350G, Estima na Alphard. Katika Vanguard inatoa farasi 280 na Nm 344. Yaani unaongeza karibu lita moja na nusu ya ujazo, unapata farasi 20.

Farasi hao 20 wenyewe ni wa usawa wa bahari, na sisi hatuishi Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. V6 ya farasi 280 ikiwa Bujumbura mjini imeshabaki na 258 hivi, na ikifika Ijenda inakaribia 220. Turbo yenyewe inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, kwa hiyo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Haifidii bure: feni yake huzunguka kwa kasi zaidi na hewa inayotoka hapo huwa na moto zaidi. Lakini 3S-GTE nzima, yenye mabomba yasiyovuja, itakuwa sawa na ile V6 juu ya mlima, au itaitangulia. Anayeishi pwani ya Tanzania ana hesabu nyingine. Anayepanda RN7, au RN1 kwenda Bugarama, anabadilisha injini ili apate nguvu ambazo mlima utamnyang'anya.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kwa nini turbo uliyonayo haivuti. Mara nyingi injini ya 3S-GTE hulaumiwa kwa kosa la bomba. Kabla ya kufungua chochote, mwambie fundi apime kompresheni: injini ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekatwa, pedali ya gesi imekanyagwa mpaka chini, anapiga starta na kusoma geji silinda moja baada ya nyingine. Kinachotafutwa ni silinda nne zinazokaribiana. Moja ikiwa chini sana, mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tafuta kwenye vali au gasketi ya silinda hedi.

Halafu turbo yenyewe. Ondoa bomba la hewa linalotoka kwenye kichujio, ingiza vidole viwili, shika ncha ya shafti. Kuchezacheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, maana shafti huelea juu ya oili. Ikisogea mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwangua ukuta wa nyumba yake, turbo hiyo imekwisha. Kagua pia bomba dogo la oili linaloilisha. Oili isipobadilishwa kwa wakati huganda humo ndani, na turbo mpya utakayofunga juu ya bomba lililoziba itakufa kama ya kwanza. Haya yote ni kazi ya asubuhi moja, na hakuna pesa utakayotumia kwenye gari hilo yenye faida kuliko hii.

Tuseme vipimo vimetoka vibaya na injini lazima ifunguliwe. Bili yako itakuwa na ringi, beringi za konrodi na za krenki, seti ya gasketi, mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, na pengine moyo wa turbo au turbo nzima. Utaongeza kazi ya karakana ya kusawazisha silinda hedi, na ya kutoboa silinda kama zimelika. Ni orodha ndefu, lakini ina mwisho. Kila kitu juu yake kinarudi mahali pake: mauntini zile zile, giaboksi ile ile, nyaya zile zile.

Orodha ya V6 haina mwisho unaoonekana siku ya kwanza. Injini ni kichwa cha habari tu. Unahitaji giaboksi inayoendana nayo, na kwa kuwa Caldina hizi za turbo huvuta kwa magurudumu yote manne, shafti ya nyuma na ekseli lazima zikubaliane na giaboksi hiyo. Mauntini zinachomelewa upya. Ekzosi inatengenezwa upya kwa sababu sasa kuna pande mbili za kutoa moshi. Rejeta ya injini ya lita mbili haitoshi. Pedali ya gesi ya 2GR-FE ni ya umeme, kwa hiyo unataka pedali yake, kompyuta yake, waya zake zote na ufunguo wake, maana bila ufunguo kompyuta hukataa kuwasha. Anayekuuzia injini tupu amekuuzia nusu ya tatizo. Kama lazima uingie njia hii, nunua sehemu nzima ya mbele ya gari iliyokatwa, nyaya zikiwa hazijaguswa na kisu.

Na ukiipata, angalia bomba la oili la VVT-i. Kwenye 2GR-FE za mwanzo bomba hilo lina kipande cha mpira ambacho hupasuka na kumwaga oili yote kwa muda mfupi. Toyota walikuja kulibadilisha likawa la chuma kitupu. Weka la chuma kabla injini haijaingizwa kwenye gari. Jua pia kwamba plagi tatu za nyuma hufikiwa baada ya kufungua mdomo wa hewa wa juu, kwa hiyo kubadilisha plagi, kazi rahisi zaidi kwenye 3S, hapa ni kazi ya kulipia.

Sasa pesa. Injini kama hizi zinapatikana Gerezani na Ilala kule Dar es Salaam, Kisekka mjini Kampala, na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kwa mtu wa Musaga, Dar ndiyo njia nyepesi, kwa kuwa mpaka wetu na Rwanda ulifungwa Januari 2024 na mzigo wa Kampala ukalazimika kuzunguka Tanzania. Popote utakaponunua, muuzaji anafikiri kwa dola. Mwaka 2025 dola ya mtaani Bujumbura iliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Benki Kuu, kwa hiyo bei uliyoisikia kwa jamaa aliyebadilisha injini miaka iliyopita haina maana tena. Tofauti iko hapa: ukitengeneza 3S unanunua vitu vidogo, unaweza kuvinunua kwa awamu, na ringi haziogopi kukaa kabatini. V6 unalipa dola zote kwa mpigo, pamoja na usafiri na ushuru wa OBR (mamlaka ya mapato), kabla hujajua kama inawaka.

Mafuta ndiyo yanayoniamulia mimi. Tuchukulie, kwa makadirio tu, kwamba V6 itakula lita tatu zaidi kwa kila kilomita 100. Anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi anatafuta lita 30 za ziada, lita 360 kwa mwaka. Mahali penye mafuta hiyo ni gharama. Bujumbura, ambako watu wamelala kwenye foleni za vituo na wengine kuacha magari nyumbani kwa wiki, lita 360 ni siku nyingi za maisha.

Lakini V6 ina hoja moja nzito, na siwezi kuipita. Mafuta ya bidoni, yale yasiyojulikana yamechanganywa na nini, huiua injini ya turbo upesi. Turbo huongeza mgandamizo na joto ndani ya silinda, na mafuta hafifu hulipuka kabla ya wakati wake. Ukisikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo unapopanda, punguza gesi hapo hapo, maana pistoni zinapigwa. V6 isiyo na turbo huvumilia zaidi. Kama maisha yako ni ya bidoni kila wiki na safari zako ni za tambarare, Kinindo hadi sokoni au barabara ya ziwani kwenda Rumonge, basi turbo si rafiki yako. Hata hivyo dawa yake si kuikata Caldina. Ni kuiuza ikiwa nzima na kununua Vanguard au Harrier iliyozaliwa na V6 hiyo, ambayo breki, rejeta na nyaya zake zilipangwa kiwandani kwa ajili yake.

Wenye Subaru Legacy GT ya 2003 hadi 2009 wana kishawishi chao, injini ya EZ30 ya silinda sita, lita tatu. Kwao kazi ni nyepesi kidogo, kwa sababu inafungika kwenye giaboksi za Subaru na Legacy yenyewe iliuzwa na injini hiyo kiwandani. Faida ni cheni ya taimingi badala ya mkanda. Nguvu ni farasi 250, wakati GT ya turbo ilitoka na 260 au 280. Injini kubwa, nguvu pungufu, na mlima ni ule ule.

Kuna pia fundi atakayekushauri uweke injini rahisi ya Caldina ya kawaida, ile ya D4. Usikubali. Mfumo wake wa kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda unataka mafuta safi kuliko hata turbo, na pampu yake ya presha kubwa ni ghali.

Kama bado moyo wako uko kwenye V6, anza na breki, kwa sababu gari lililopanda Ijenda kwa kasi litashuka Musaga likiwa na uzito ule ule, na watoto wa shule wanavuka barabara chini kule. Diski, pedi na mafuta ya breki mapya kwanza. Pili, nenda OBR na carte rose (kadi ya gari) yako uulize kubadilisha injini kunaandikishwa vipi, kabla ya injini ya zamani kutolewa, na ufanye hivyo hivyo kwa ukaguzi wa kiufundi wa OTRACO. Dai risiti ya injini na nakala ya hati zake za forodha. Tatu, andikianeni na fundi: bei ya kazi ni faranga ngapi, nyaya ni kazi ya nani, na injini ya zamani inabaki ya nani. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na 3S-GTE iliyolala kwenye kona ya gereji ina wanunuzi hata ikiwa imekufa. Turbo, silinda hedi na kompyuta yake vinaweza kukurudishia sehemu ya pesa, ikiwa imeandikwa kwamba ni mali yako.