Hewa yashika ubao

Seremala ana mikono miwili tu. Akishika randa kwa mikono yote miwili, nani atamshikia ubao? Zamani aliukandamiza kwa goti, au alimwita mwanafunzi wake aukamate. Baadaye alipata jiliwa, yaani meno mawili ya mti au ya chuma yanayoubana ubao kwa skrubu. Jiliwa ni chombo kizuri, lakini meno yake huchukua nafasi. Huwezi kupiga randa mahali palipobanwa, na mti laini hubaki na alama. Kwa hiyo siku hizi maseremala wengine hutumia jiliwa lisilo na meno. Ubao umelala juu yake, hakuna msumari wala gundi. Nawe ukiuinua kwa nguvu zako zote, hauinuki. Ni nini kinachoushika? Ni hewa.

Watoto wengi hudhani kwamba hewa si kitu. Haya, fanyeni jaribio. Jazeni bilauri maji mpaka pomoni, ifunikeni kwa karatasi ngumu, ikamateni karatasi kwa kiganja, kisha pindueni bilauri juu chini. Sasa ondoeni kiganja polepole. (Fanyeni hivyo nje, si juu ya madaftari.) Kumbe, maji hayamwagiki! Hewa iliyo chini ya karatasi yaisukuma kwenda juu, na nguvu yake yapita uzito wa maji.

Hewa ina uzito. Sanduku lenye urefu, upana na kimo cha meta 1 huchukua hewa ya zaidi kidogo ya kilo 1. Juu ya vichwa vyetu hewa imerundikana kilometa nyingi. Kando ya bahari, kila sentimeta 1 ya mraba, yaani kama ukucha wa kidole, hukandamizwa kwa uzito wa kilo 1 hivi. Mbona basi meza haivunjiki? Kwa sababu hewa iko chini ya meza pia, nayo yasukuma juu kwa nguvu ile ile.

Lakini ukiondoa hewa upande mmoja, upande wa pili hushinda. Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg katika Ujerumani, alilionyesha jambo hilo mbele ya watu. Aliunganisha bakuli mbili kubwa za shaba mdomo kwa mdomo, akatoa hewa ya ndani kwa pampu. Mwaka 1657 farasi 16 walizivuta, 8 upande huu na 8 upande ule, wakatoka jasho. Hewa iliporudishwa ndani, bakuli ziliachana kwa mkono tu.

Jiliwa la hewa hufanya kazi vivyo hivyo. Ni kipande kinene cha mti au cha chuma, chenye mfereji mdogo pembeni pote. Ndani ya mfereji hulazwa kamba ya mpira. Katikati pana tundu, na kutoka hapo bomba laenda kwenye pampu. Seremala huweka ubao juu ya mpira na kuiwasha pampu. Hewa ya chini ya ubao hutoka, na hewa ya juu huukandamiza ubao. Watu husema pampu yaunyonya ubao. Sivyo, hewa ya juu ndiyo inayofanya kazi. Mafundi wengine, kwa werevu wao, hutumia pampu iliyotolewa katika friji iliyoharibika.

Tufanye hesabu. Mpira wazunguka mahali penye sentimeta 10 kwa 15: ni sentimeta 150 za mraba. Pampu ikitoa sehemu 8 katika 10 za hewa, ubao hushikwa kwa kilo 120 hivi. Hiyo ni kando ya bahari. Bukavu iko juu, kama meta 1500, na hewa yake ni nyepesi zaidi: pampu ile ile itashika kwa kilo kama 103 tu.

Seremala lazima ajue udhaifu wa chombo hiki, kwani ubao ukiruka mbele ya msumeno wa umeme, vidole huenda navyo. Kwanza, ubao uliopinda haukai vizuri juu ya mpira, na hewa hupenya. Hata mti wenyewe una matundu madogo sana. Mti mwepesi huvuja kuliko mti mgumu. Ya pili, ni vigumu kuuinua ubao, lakini kuusukuma kwa ubavu ni rahisi zaidi, hasa pakiwa na vumbi la mbao. Kwa hiyo mwenye akili hupangusa vumbi kwanza, halafu huusukuma ubao kwa mkono kabla ya kuanza. Ya tatu, umeme ukikatika, pampu husimama, na msumeno bado wazunguka kidogo. Ndiyo maana wengine hufunga tanki tupu, lililotolewa hewa, kati ya pampu na jiliwa, pamoja na kilango kinachozuia hewa isirudi. Tanki hilo huushika ubao kwa muda, mpaka msumeno utulie.

Na kipande kidogo kama sanduku la kiberiti? Hapo hewa haina mahali pa kutosha pa kukandamiza. Seremala hulirudia jiliwa lake la meno.