Kanga si kuku wa kienyeji

Wenzetu wa vikundi vya Kibera na Kawangware wanatuuliza: tukinunua mayai ya kanga kutoka mashambani, tukamwekea kuku ayaatamie, si tutapata pesa? Kwanza tumjue ndege mwenyewe.

Kanga ni wa pori. Hata Mbuga ya Nairobi, hapo ng'ambo ya Lang'ata, yupo. Mchana kutwa anatembea chini akichakura mbegu, panzi na mchwa. Akishtuliwa hukimbia kwanza, kuruka ni baadaye. Usiku hulala juu ya mti. Kiangazi wanatembea kwa makundi, mvua zikianza wanagawanyika wawili wawili, dume na jike. Jike hutaga kwenye kishimo alichokificha majanini, mara nyingi mayai 6 hadi 12, na huyaatamia siku 26 hadi 28. Ya kuku ni 21 tu, kwa hivyo wengi huyatupa wakidhani yameoza! Vifaranga wakilowa hufa upesi, nasi twajua mitaro yetu wakati wa mvua. Halafu kelele zake: kwenye ploti ya mabati, majirani hawatalala.

Lakini kubwa ni sheria. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha Shirika la Wanyamapori (KWS) kabla ya kumfuga. Tena, mayai yakiokotwa porini, uzazi wa msimu ule umeharibika. Na mwaka 2014 bei ya mayai ya kware ilipoanguka, waliokimbilia kuwafuga walibaki na ndege wasio na mnunuzi. Basi kabla ya kuchanga pesa, mtumeni katibu ofisi ya KWS, Barabara ya Lang'ata, akaulize masharti ya kibali.