Mashini ya kukatakata matawi: mbele ya nguvu, angalia namna inasimama

Mti ukikatwa ndani ya parsele huko Goma, Bukavu ama Butembo, shina halikosi mwenye kulichukua: ni mbao, ni kuni, ni makala. Shida inabaki kwa matawi madogo na majani. Yanalala kando ya barabara, yanaziba mitaro, ama yanachomwa na moshi unaingia kwa majirani. Kwa kikundi kinachoishi na kazi ya kukata miti, mashini ya kukatakata matawi, ile ya kuvuta nyuma ya gari, inaweza kusaidia sana. Lakini ikichaguliwa vibaya, inaweza kumaliza feza ya kikundi, ama kukata mkono wa mtu.

Mashini hiyo iko na mdomo mpana, rulo za chuma zinazovuta tawi, na ndani visu vinavyozunguka kwa kasi. Tawi linaingia zima, linatoka vipande vidogo kupitia bomba, moja kwa moja ndani ya karoseri ya gari. Vipande hivyo si takataka. Mkulima wa kahawa ama wa ndizi anaweza kuvitandaza juu ya udongo ili vizuie jua kali na maji ya mvua. Ila visichanganywe ndani ya udongo vikiwa vibichi, juu vikioza vinachukua azoti ambayo mimea inahitaji.

Wanunuzi wengi wanauliza kwanza bei na nguvu ya motere. Kuko swali lingine la kutangulia: mashini hii inasimama namna gani? Inasimama namna gani kwenye mteremko, na inasimama namna gani ikimshika mtu?

Tuanze na barabara. Mashini inapimwa kwa unene wa tawi inaloweza kumeza. Ile ya santimeta 15 mara nyingi iko na motere ya farasi 25 hadi 35. Nyingi za namna hiyo zinatengenezwa Ulaya zisipite kilo 750, juu kule remorki isiyo na freni zake yenyewe hairuhusiwi kupita uzito huo. Ile ya santimeta 30 inaweza kufika kilo 2,000 na zaidi, na hiyo inaomba freni zake na gari la nguvu.

Kisha hesabu uzito wote, si wa mashini peke yake. Vipande vinajaa ndani ya gari lile lile linalovuta, na meta kube moja ya vipande vibichi inaweza kufika kilo 300 na zaidi. Ongeza watu, mazutu na misumeno. Mtu akishuka miteremko ya Bukavu ama ya Kanyabayonga na mzigo huo, mashini isiyo na freni inaanza kusukuma gari kwa nyuma. Kwa hiyo mbele ya kununua, soma kwenye karatasi za gari uzito linaoruhusiwa kuvuta. Angalia pia pneu, taa, na mnyororo wa kushika mashini kama kifungio kinaachia.

Sasa tuangalie mdomo. Karibu na mdomo kunapaswa kuwa na bari ya usalama. Ukiisukuma, rulo zinasimama mara moja ama zinarudisha tawi nyuma. Wakati wa kujaribu mashini, simama pembeni na usukume bari hiyo motere ikiwa inazunguka. Kama haijibu, ama kama kuna mtu aliifunga na waya ili kazi iende haraka, mashini hiyo isinunuliwe hata kwa bei ya chini.

Tena, bari inasimamisha rulo, haisimamishi visu. Visu vinaendelea kuzunguka kwa muda hata motere ikizimwa. Ndiyo maana mdomo unapaswa kuwa mrefu kiasi kwamba mkono haufiki kwenye rulo. Mfanyakazi anasimama pembeni, havai nguo ya kuning'inia, hafungi kamba kwenye tawi, na hasukumi vipande vidogo kwa mkono ama kwa mguu. Anavisukuma kwa tawi lingine refu.

Nguvu inakuja nyuma ya hayo yote, na hapo kuko hesabu moja ya milima. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000 za kupanda juu. Goma iko karibu meta 1,500 juu ya bahari. Motere iliyoandikwa farasi 30, hapa itatoa karibu 25 tu. Inafaa kuwa na kifaa kinachosimamisha rulo chenyewe wakati motere inachoka, kisha kinazirudisha ikipata tena mwendo. Bila hiyo, tawi nene la mikalitusi linaweza kuizima kila mara.

Visu navyo viko na adui wake Goma: mawe ya volkano. Tawi likikokotwa chini linabeba mchanga na vijiwe, na visu vinapoteza makali haraka. Afazali libebwe. Muulize mwuzaji kama visu vingine vinapatikana, bulo zake ni za namna gani, na nani hapa karibu anaweza kuvinoa sawasawa. Kisu kilichonolewa vibaya kinatetemesha mashini yote na kinakula mazutu.

Siku ya kununua, kikundi kiende na mekanisye wake, na gari lake, na matawi ya miti kinayokata kila siku. Mashini ikatekate matawi hayo kwa nusu saa, kisha ivutwe kwenye mteremko mmoja na kurudi. Mwuzaji akikatalia mojawapo, feza ibaki mfukoni.