Mitambo Inayokubali Kulegea

Msomaji wetu wa Sop Sop, wilayani Tororo nchini Uganda, anauliza: gridi ya Kenya ikianguka, mbona yetu haianguki nayo kila mara? Ni swali la haki. Tangu miaka ya 1950 laini ya kilovolti 132 imepitia Tororo kupeleka Kenya umeme wa bwawa la Owen Falls.

Tuchukue tarehe 6 Septemba 2024. Laini ya Loiyangalani ilikatika kwenye kituo cha Suswa ikiwa na megawati 288 za upepo wa Turkana; ile ya Ethiopia ikafuata na 200 zake. Megawati 488 zikapotea, sehemu kubwa ya Kenya ikaingia gizani.

Pengo kama hilo hunyonya umeme wa jirani mpaka swichi za ulinzi zikate laini ya mpakani. Kila upande hubaki kisiwa. Kinachonisisimua ni sekunde zinazofuata, ambapo mitambo huelewana bila mtu kupiga simu.

Mitambo yote ya kuzalisha umeme kwenye gridi moja hufuata masafa yale yale, hezi 50. Mzigo ukizidi, yote hupunguza mwendo, na kupungua huko ndio ujumbe wenyewe. Mfikirie mwendesha boda boda wa baiskeli, kazi iliyozaliwa mpakani Busia, akipanda mlima na gunia la mahindi: pedali zikiwa nzito, anakanyaga zaidi. Sasa wafunge kumi kwenye mnyororo mmoja, kila mmoja akiapa mwendo usipungue hata chembe. Huyu anahisi umepungua, anakanyaga kufa na kupona. Yule anahisi umezidi, anashika breki. Watavunja mnyororo. Dawa ni wote wakubali mwendo ulegee kidogo, na kiasi cha kulegea kimpimie kila mmoja nguvu ya kuongeza.

Kulegea huku nakuita ulegevu wa makusudi, maana kuna hesabu yake. Mtambo uliopangiwa kulegea asilimia 4 kwa uwezo wake wote, masafa yakishuka kutoka 50 hadi 49.5, huongeza robo ya uwezo wake. Mkubwa hubeba kikubwa, mdogo kidogo. Kisiwa kikishatulia, mtambo mmoja hupewa kazi ya kurudisha 50 polepole. (Kisiwa kilichobaki na umeme wa ziada hufanya kinyume.)

Ila kwa mtambo wa maji kama wa Owen Falls, maji ni mazito. Lango la mtambo likifunguliwa ghafla, shinikizo bombani hushuka kwanza, na kwa muda mfupi nguvu hupungua badala ya kuongezeka. Masafa yakizidi kushuka hapo, vifaa vya ulinzi huzima baadhi ya laini za wateja ili mzigo upungue. Kwa hiyo taa za Sop Sop zikizimika wakati Kampala inawaka, huenda ni laini yenu iliyotolewa ili kisiwa kizima kisizame.