Sopot na Gdańsk: Mji wa Ufukweni na Bandari ya Kale

Kaskazini mwa Polandi, kwenye Bahari ya Baltiki, kuna miji miwili ambayo treni huiunganisha kwa dakika kama 20. Sopot ni mji wa mapumziko. Gdańsk ni bandari yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Wageni wengi hulala Sopot na kuipitia Gdańsk kwa mchana mmoja tu. Naona wanaipunja.

Sopot ina raha zake. Mwaka 1823 Jean Georges Haffner, daktari Mfaransa aliyewahi kulitumikia jeshi la Napoleon, alifungua hapo nyumba ya kuogea maji ya bahari, na watu wakaanza kumiminika. Gati la mbao la Sopot, lenye urefu wa zaidi ya mita 500, ndilo refu kuliko yote ya mbao barani Ulaya. Mtu wa pwani yetu atashangazwa na bahari yenyewe: maji hayapwi wala hayajai kiasi cha kuonekana kwa macho, chumvi yake ni haba, na hata mwezi wa Julai yana ubaridi.

Gdańsk yataka miguu na subira. Ukingoni mwa mto Motława limesimama jengo la Żuraw, winchi ya bandari ya karne ya 15, ambayo watu waliiendesha kwa kutembea ndani ya magurudumu makubwa ya mbao. Nafaka iliteremshwa kwa mto Wisła, ikapakiwa melini hapa kwenda Amsterdam na kwingineko. Utajiri huo ndio uliojenga nyumba ndefu nyembamba za Długi Targ. Jirani, katika mtaa wa Mariacka, wauza kaharabu wamepanga mikufu na pete barazani.

Karibu vyote hivyo vimejengwa upya. Alfajiri ya tarehe 1 Septemba 1939, manowari ya Kijerumani iliishambulia kambi ya Westerplatte, mlangoni mwa bandari hii, na Vita Kuu ya Pili ikaanza. Kufikia 1945 kitovu cha mji kilikuwa kifusi. Mafundi wakakiinua tena kwa kufuata picha na michoro ya zamani. Wapo wanaosema huo si mji wa kale wa kweli. Sikubaliani nao: watu waliofukua mawe ya mji wao na kuyarudisha ukutani wameupenda kuliko waliourithi mzima.

Kisha nenda kwenye karakana ya meli. Agosti 1980 Anna Walentynowicz, dereva wa winchi, alifukuzwa kazi miezi michache kabla ya kustaafu, na wenzake wakagoma. Waliandika madai 21 kwenye mbao. Katika mgomo huo kikazaliwa chama cha wafanyakazi cha Solidarność, na fundi umeme aliyeuongoza, Lech Wałęsa, akachaguliwa kuwa rais wa nchi mwaka 1990. Jumba la makumbusho lililofunguliwa hapo mwaka 2014 linasimulia habari hizo vizuri mno, na halistahili kupitiwa harakaharaka.

Ukiwa na siku tatu, ipe Sopot moja. Mbili ziache Gdańsk.