Mashine Inayozima Yenyewe

Kompyuta uliyoiunda mwenyewe ikianza kuzima ovyo, usikimbilie dukani. Iwashe tena uitazame inavyozima. Kuna kuganda: picha imebaki kwenye skrini, feni zinazunguka, kishale hakisogei. Hiyo mara nyingi ni kesi ya memori au programu. Kuna na kukata kabisa, feni na taa zikafa kwa pamoja. Hapo tafuta joto au umeme.

Windows itakuandikia tukio nambari 41, Kernel-Power, na wengi hulichukua kama jina la ugonjwa. Linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Sababu haliijui.

Joto halisumbui kulipima. Prosesa ya siku hizi ikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi kwanza, na ikizidi kupanda ndipo hukata. Ukiiwasha papo hapo itakata mapema zaidi, ikipoa, itadumu. Fungua kasha uone kama feni ya prosesa inazunguka, na kama ile karatasi ya plastiki chini ya kipoza joto ilibanduliwa kweli. Wanaoisahau ni wengi kuliko wanaokiri.

Joto likiwa sawa, tunahamia kwenye umeme, yaani pawasaplai. Kazi yake ni kugeuza volti 230 au 240 za ukutani kuwa 12, 5 na 3.3. Kwa kipimo cha ATX, ambacho Intel ilikitoa mwaka 1995, waya wa volti 12 haufai kushuka chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Pima kwa mita wakati mashine inafanya kazi nzito, maana ikiwa imetulia hata pawasaplai mbovu husoma vizuri.

Mita nayo ina mipaka yake, na hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Kadi ya picha iliyoandikwa wati 300 inaweza kuvuta karibu mara mbili ya hizo kwa muda usiofika milisekunde moja. Mita haioni kitu, ila kinga ya pawasaplai inaona, na inakata. Ndiyo maana mtu hujumlisha wati zake, akapata 500, akanunua pawasaplai ya 550, na bado mashine inazima gemu likinoga. Kipimo cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kilikuja kwa sababu ya mivuto ya namna hiyo. Jaribio lake halina gharama: kwa programu ya kadi, shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 70. Mashine ikiacha kuzima, umempata mkosaji. Dalili nyingine ni kitufe kugoma kabisa mpaka uzime swichi ya nyuma, usubiri kidogo, uwashe tena. Hiyo ni kinga iliyojifunga.

Kabla ya kulipia pawasaplai mpya, chomoa plagi ya pini nane inayolisha prosesa na zile za kadi, uzichungulie. Plastiki iliyogeuka kahawia, au pini iliyorudi ndani, maana yake ilikaa kwa kulegea ikaungua. Kisha iondoe UPS na ekstensheni, uchomeke ukutani moja kwa moja. Jokofu likiwaka taa zikafifia, chunguza umeme wa nyumba kwanza. Na kama mashine huzima kila mara sekunde nne hivi baada ya kuwashwa, huenda kitufe cha mbele kimenasa.

Pawasaplai yenyewe usiifungue. Kapasita yake kubwa yaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umechomolewa. Ibadilishe nzima, pamoja na nyaya zake zote. Nyaya za pawasaplai ya zamani zinaweza kuingia vizuri kwenye mpya, lakini mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hata toleo na toleo, na kinachoungua hapo kwanza huwa ni diski yenye kazi zako.