Helikopta za Sikorsky

Helikopta ya kwanza ya Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kiev, haikuweza kuinuka. Ulikuwa mwaka 1909, naye kijana wa miaka ishirini. Alihamia Marekani mwaka 1919, akaanzisha kiwanda chake mwaka 1923, kikiunda ndege za kawaida. Wala hakuisahau ile iliyomshinda. Septemba 14, 1939, akiiendesha mwenyewe, ile iitwayo VS-300 ilinyanyuka, ingali imefungwa kamba. Baadaye zikatoka R-4, iliyoundwa kwa wingi, na Black Hawk ya majeshi.

Lakini sisi twaona lililo kubwa zaidi ni la Novemba 29, 1945: tishari lilikwama mwambani karibu na Fairfield, Connecticut, bahari imechafuka. Helikopta ya Sikorsky ikasimama hewani juu yake, ikawaopoa watu wawili kwa kamba, mmoja baada ya mwenziwe.